Kama, Mithili, Sawa na: Mwongozo wa Neno Linalofananisha Katika Fasihi

Zisome sentensi hizi nne taratibu. Babu yetu ni simba. Babu yetu ni kama simba. Babu yetu ni sawa na simba. Babu yetu huketi kisimba.

Babu ni yuleyule na mnyama ni yuleyule, lakini picha ni nne. Ya kwanza imemwondoa babu kitini na kumkalisha simba. Ya pili imewaweka wote wawili mbele yetu na kutuachia tuwatazame. Ya tatu imewapandisha kwenye mizani, na msomaji makini atauliza mara moja: sawa kwa lipi? Kwa nguvu, kwa cheo, kwa ukali? Ya nne haina haja ya mnyama mwenyewe. Imemfanya simba kuwa namna ya kukaa, na babu amebaki binadamu.

Tofauti hiyo yote imeletwa na neno moja dogo, na pengine na silabi moja tu. Hata hivyo, katika madarasa yetu ya Kiswahili tunatumia muda mwingi kukariri nini kinafananishwa na nini, na muda mfupi sana kuuliza ni neno gani limewaunganisha wawili hao. Makala haya yanamlenga mwandishi anayeanza, mwalimu wa fasihi, na mwanafunzi anayetaka kusema zaidi ya "mwandishi ametumia tashbihi". Ninachokishikilia ni hiki: neno la kufananisha hutangaza ni kiasi gani mwandishi anathubutu kudai. Ukilichagua ovyo, umedai usichokikusudia.

Nguzo nne

Kenya wanaiita tamathali hii tashbihi, Tanzania wengi huandika tashibiha. Jina limetoka katika balagha, elimu ya ufasaha ya Waarabu, na elimu hiyo ilikuwa na utaratibu unaofaa hata leo. Wanazuoni wake walihesabu nguzo nne: kinachofananishwa, kinachofananishwa nacho, chombo cha kufananisha, na sababu ya kufanana. Chukua "sanduku zito kama nanga". Kuna sanduku, kuna nanga, kuna "kama", na kuna uzito.

Ondoa sababu, upate "sanduku ni kama nanga". Sasa msomaji anafanya kazi kidogo: ni zito? Limezama? Limemzuia mtu asisafiri? Ondoa na chombo, upate "sanduku ni nanga". Kwa wanazuoni wale hii bado ni tashbihi, tena ndiyo iliyofika mbali zaidi, kwa kuwa pande zote mbili zimetajwa na hakuna kingine kilichobaki. Vitabu vyetu vya shule huiita sitiari, au istiari, kwa kanuni nyepesi kwamba neno la kufananisha likiwapo ni tashbihi, lisipokuwapo ni sitiari. Sina ugomvi na jina. Jambo la kushika ni kwamba kila nguzo unayoiondoa inapandisha dai lako na kumwongezea msomaji kazi.

Abd al-Qahir al-Jurjani, aliyeandika Asrar al-Balagha katika karne ya 11, aliongeza jambo ambalo ningependa kila mwandishi alibandike juu ya meza yake. Alitenganisha ufanano unaoonekana kwa jicho, kama shavu na ua kwa rangi, na ufanano unaohitaji kufikiriwa kabla haujakubalika. Ule wa kwanza hauhitaji msaada mkubwa. Wa pili ndio unaohitaji chombo kichaguliwe kwa uangalifu, maana msomaji anavushwa kutoka kitu kimoja hadi kingine ambacho hakikuwa jirani yake.

Kama, na kazi zake nyingi

"Kama" ndilo neno tulilo nalo mdomoni kila saa, na ndiyo sababu linateleza. Linaweka sharti: kama mvua itanyesha. Linakisia: watu kama kumi. Linauliza: sijui kama amefika. Linataja cheo: alihudhuria kama mgeni rasmi. Kisha ndiyo linafananisha. Mwandishi asiyekuwa mwangalifu huacha kazi mbili zigongane ndani ya sentensi moja.

"Aliingia kama askari." Je, yeye ni askari na aliingia kwa wadhifa wake, au ni raia aliyeingia kwa kishindo? Katika riwaya ya upelelezi swali hilo linaweza kuvuruga sura nzima. Ukikusudia wadhifa, andika "akiwa askari". Ukikusudia kishindo, unazo njia nyingi: "kiaskari", "mithili ya askari", "utadhani askari". Wahariri wazuri wa Kiswahili hufuta "kama" ya wadhifa kila wanapoikuta, na mimi niko upande wao. "Nikiwa mzazi, nasema" ni Kiswahili. "Kama mzazi, nasema" inamwacha msikilizaji akijiuliza iwapo msemaji ana watoto kweli.

"Kama" hupenda kusimama mbele ya nomino: kama moto, kama mwizi, kama maji ya mtungini. Ukitaka kufananisha tendo na tendo, liongezee kirejeshi cha namna, yaani -vyo-. "Alimvua binti yake viatu taratibu, kama mvuvi anavyomnasua kasa wavuni." Hapo hatujalinganisha baba na mvuvi wala viatu na wavu, tumelinganisha uangalifu na uangalifu. Tashbihi za namna hii ndizo ndefu, ndizo zinazobeba hadithi ndogo ndani yake, na kwa maoni yangu ndizo zinazotumiwa kwa uchache kupita kiasi katika nathari yetu ya leo. Wanafunzi huzikwepa kwa kuogopa kirejeshi, nao wanajinyima chombo kizuri kuliko vyote.

Kosa moja la kukwepa kabisa ni "kama mithili ya". Maneno hayo mawili yanafanya kazi moja. Chagua mojawapo.

Mithili na mfano

"Mithili ya" ina mwendo wa taratibu. Ina silabi nne, ina harufu ya kitabu, na hualika msomaji atulie. Inafaa pale ambapo simulizi yenyewe imetulia: maelezo ya mji, uso wa marehemu, bahari alfajiri. Ukiitia katikati ya ugomvi wa sokoni itaonekana imevaa kanzu kwenye matope. "Mfano wa" ni ya chini kidogo, na naiona inafaa zaidi kwa umbo: majabali matatu yaliyokaa mfano wa mafiga, mwezi uliopinda mfano wa mundu.

Kitenzi "kufanana" ni kaka yao mkubwa, na kina kitu wasichokuwa nacho: kinabeba wakati, nafsi na ukanushi. Mtu anaweza kufanana na baba yake, akaacha kufanana naye, akafanana naye tena uzeeni. Anayetaka kuona kitenzi hiki kikibeba hadithi nzima afungue sura ya 13 ya Injili ya Mathayo katika Biblia ya Kiswahili, ambamo mifano ya ufalme wa mbinguni inaletwa kwa "kufanana". Ufalme haufananishwi na kitu kilichosimama tu. Unafananishwa na jambo linalotendeka, na tunalazimika kusubiri mpaka mwisho wa kisa kujua ufanano uko wapi.

Sawa na

Hapa ndipo penye hatari kubwa. "Sawa na" ni neno la mizani, la hesabu na la sheria. Magazeti huandika kiasi fulani cha fedha "sawa na" asilimia fulani, na wasomaji wanaamini kuwa mtu amepiga hesabu. Ukilileta neno hilo katika fasihi linakuja na tabia yake hiyo. "Kimo chake kilikuwa sawa na mlango" ni kipimo. Fundi anaweza kukikagua. "Kimo chake kilikuwa kama mlango" ni picha.

Kwa hiyo litumie pale unapotaka kupima, hasa pale ambapo kupima kwenyewe ndiko kunakouma. "Mahari yaliyotolewa yalikuwa sawa na bei ya mbuzi sita." Sentensi hiyo haina hisia yoyote juu yake, na ndiyo sababu inachoma. Ungeandika "kama bei ya mbuzi sita", ungekuwa umekisia, na aibu ingepungua.

Upo pia usawa wa kisiasa. George Orwell aliijenga Animal Farm, iliyochapishwa 1945, juu ya ahadi ya usawa, na wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Shamba la Wanyama katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Kilele cha kisa hicho ni tendo la kisarufi. Amri ya usawa inaandikwa upya ukutani kwa kuongezewa maneno machache, na neno ambalo kwa asili yake halina ngazi linapewa ngazi. Vitu viwili ni sawa au si sawa, hakuna katikati. Mtawala anayeweza kulipa neno hilo daraja ameshaiharibu lugha, na wanyama hawana tena neno la kudaia haki yao. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi kuwa sarufi ni siasa, hapo pa kuanzia panatosha.

Na tusisahau "sawa" ya majibizano. "Shamba tunaliuza." "Sawa, baba." Ndani ya tamthilia jibu hilo linaweza kuwa utiifu, kukata tamaa, au mwanzo wa uasi. Halilinganishi chochote, ila linakiri kwamba pande mbili haziko sawa: mmoja anaamua na mwingine anaitikia. Mwandishi wa tamthilia anayewaachia wahusika wake waseme "sawa" mahali panapostahili amejiokoa na kurasa mbili za maelezo.

Kana kwamba, utadhani

Haya mawili yanaishi katika eneo la visivyokuwa. "Kana kwamba" hufuatwa na tendo. "Alikimbia kana kwamba simba" haijakamilika. "Alikimbia kana kwamba anafukuzwa na simba" imekamilika. Lakini thamani yake hasa ni kufungua dirisha la akili ya mhusika. "Aliukunja ule waraka mara nne, kana kwamba deni lingepungua kwa kukunjwa." Hatukuambiwa kwamba mtu huyu amefadhaika. Tumeonyeshwa imani ambayo hata mwenyewe hajui kuwa anayo. Kitenzi chenye -nge- hapo kinasaidia, kwa sababu kinakiri kwamba jambo hilo haliwezekani.

"Utadhani" na "ungedhani" yana asili ya masimulizi ya mdomo. Msimulizi anamshika msikilizaji mkono na kumfanya shahidi: wewe mwenyewe ungekuwapo ungedhani hivi. Katika nathari ya leo maneno haya yanaleta sauti ya mtu, joto la baraza. Yakizidi yanachosha, kwa kuwa msomaji hapendi kushikwa mkono kila aya.

Mizani ya mshairi

Mwandishi wa nathari anachagua kwa maana. Mshairi wa vina na mizani anachagua kwa maana na kwa hesabu, na hapa Kiswahili kimempa vyombo vya ukubwa mbalimbali. "Ja", neno la kale la pwani lenye maana ya "kama", lina mizani moja. "Kama" ina mbili, na "kana" ya lahaja za kaskazini nayo mbili. "Sawa na" tatu. "Mithili ya", "mfano wa", "kana kwamba" na "utadhani" nne nne.

Kipande cha utenzi kwa kawaida kina mizani nane. Anayeandika "mithili ya" ametumia nusu ya kipande kabla hajataja kitu chochote. Ndiyo maana washairi huidondosha "ya" na kubaki na "mithili" yenye tatu.

Hebu tujaribu. Tunataka kuisifu sauti ya msichana kwa kipande cha mizani nane. "Sauti kama zumari": sa-u-ti-ka-ma-zu-ma-ri, nane kamili. Lakini sauti ya nani? Hatujui. Weka "ja" mahali pa "kama" na nafasi moja inabaki, nayo tunaweza kuitumia kumrudisha mwenye sauti: "Sautiye ja zumari". Nane tena, na sasa kuna mtu. Ukishikilia "mithili", "Sauti mithili zumari" inafika tisa. Lazima zumari iondoke, na pengine aingie njiwa: "Sauti mithili njiwa". Nane, lakini sifa imebadilika. Msichana aliyekuwa na sauti ya sherehe sasa ana sauti ya upole.

Msomaji wa mashairi akiijua hesabu hii atasoma kwa jicho jingine. Akikuta "ja", asikimbilie kusema mshairi anapenda maneno ya kale. Aangalie silabi iliyookolewa imepelekwa wapi.

Kubadilisha neno, na kuliacha

Mfano bora ninaoujua wa kubadilisha chombo katikati ya shairi uko katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19 huku fahari ya mji wa Pate ikiwa magofu. Mshairi anauonya moyo wake kuhusu dunia. Kwanza anaiita dunia bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, bila kuweka neno la kufananisha. Baadaye anaileta kama kisima cha hatari, na hapo neno "kama" limo. Halafu anafika kwenye vumbi linaloonekana katika mwanga wa jua linapochomoza na ambalo mkono haulishiki, na anatumia "enga" ya lahaja yake.

Naamini mpangilio huo una maana, iwe alipanga au ulimjia kwa ustadi. Bahari haikuhitaji chombo kwa watu wa Pate na Lamu. Walikuwa wanaishi ndani yake, na kila nyumba ilimjua mtu aliyechukuliwa na maji. Dunia na bahari kwao vilikuwa kitu kimoja. Kisima kile cha ajabu kinahitaji kusindikizwa, kwa hiyo "kama" inasimama mlangoni. Vumbi la jua ni jambo la kutazamwa kwa makini, na "enga" kwa asili ni kitenzi cha kutazama: mshairi anatuambia tuangalie na papo hapo anafananisha. Picha tatu, njia tatu, na dunia inakuwa nyepesi zaidi kila hatua, kutoka maji mazito hadi kitu kisichoshikika.

Kuliacha neno kabisa ni tendo la ujasiri, na waandishi wetu wameliweka hata kwenye majalada. Euphrase Kezilahabi alitoa Dunia Uwanja wa Fujo mwaka 1975. Said Ahmed Mohamed alitoa Dunia Mti Mkavu mwaka 1980, jina lililochotwa kutoka methali inayomwonya kiumbe asiuelemee mti huo. Katika majina yote mawili hakuna "kama", na hata "ni" imeondolewa. Dunia imewekwa kando ya kitu na sarufi ikanyamaza. Jaribu kurudisha: "Dunia ni Kama Uwanja wa Fujo". Kitabu hicho nisingekinunua.

Methali nazo zinajua wapi pa kuliweka na wapi pa kuliacha. "Mgeni ni kuku mweupe" haina "kama", kwa sababu hakuna atakayedhani mgeni ana manyoya. Uongo wake ni wa wazi, kwa hiyo hauna madhara. Lakini wahenga walisema "Kawaida ni kama sheria". Ondoa "kama" hapo na umetoa hukumu ya uongo inayoweza kuaminika. Kawaida na sheria viko jirani mno. Mtu anaweza kwenda mahakamani akitegemea sentensi hiyo. Kwa hiyo neno dogo limesimama katikati kulinda ukweli: kawaida inafunga kama sheria inavyofunga, lakini si sheria. Hapo mwandishi anapata kanuni nzuri ya kazi. Vitu vikiwa mbali sana, unaweza kuacha neno. Vikiwa karibu hata vinaweza kuchanganywa, liweke.

Kitendawili kimekwenda mbali zaidi ya vyote. Nyumba yangu haina mlango: upande wa kwanza umefichwa, chombo kimefichwa, na msikilizaji anaachiwa nyumba peke yake mpaka aseme yai. Mtoto anayetega na kutegua vitendawili ameshajifunza sitiari kabla ya kuingia darasa la kwanza.

Kisha kuna upande wa kukana. "Hana mfano", "hana kifani", "hana mithili" ni maneno yaleyale ya kufananisha yakitumiwa kusema kwamba ufanano umeshindikana. Ni sifa kubwa kuliko zote, na katika kumsifu Mwenyezi Mungu ndiyo inayofaa. Mwandishi wa riwaya anayeitumia kwa kila msichana mrembo ameimaliza nguvu yake kwenye ukurasa wa tatu.

Orodha zilizokaririwa

Sasa nifike kwenye jambo linalonisikitisha. Watoto wengi wa shule hufundishwa tashbihi kwa orodha: mjanja kama sungura, mwoga kama kunguru, hamaki kama mkizi, ringa kama tausi, pendana kama chanda na pete, mweupe kama theluji. Kisha huzimwaga katika insha, tatu kwa aya, kwa kuamini kila moja ina alama. Mtoto wa Singida ambaye hajawahi kumwona mkizi anaandika kwamba mwalimu alihamaki kama mkizi. Hajaona chochote, na msomaji wake hajaona chochote pia.

Orodha yenyewe si adui. Maneno hayo ni urithi, na kila moja lilikuwa jipya siku lilipotamkwa mara ya kwanza na mtu aliyemtazama kunguru akiruka kwa hofu. Adui ni kuyatumia bila kutazama. Dawa ninayoipendekeza ni mtoto kuulizwa: kwenu, kitu cheupe kuliko vyote ni kipi? Wa Moshi anaweza kusema theluji na akawa mkweli, maana anaiona juu ya Kilimanjaro. Wa Shinyanga ana pamba iliyopasuka shambani. Wa Tanga ana tui la kwanza, wa karibu na mashimo ya chumvi ana chumvi, na kila nyumba ina unga. Insha tano kutoka sehemu tano zingekuwa na weupe wa aina tano.

Njia nyingine ni kuiongezea tashbihi ya zamani jambo moja mahususi. "Mzito kama nanga" imekwishachakaa. "Mzito kama nanga iliyoshika mwamba" inaamka, maana sasa si uzito tu, bali kukataa kutoka. Na mara nyingine tashbihi haihitajiki. Kiswahili kina tanakali zinazofika haraka zaidi: nyeupe pepepe, nyeusi tititi, kimya jii, alilala fofofo. Na kina ile ki- niliyoanza nayo: kunyata kipaka, kwenda kikobe, kulia kitoto, kula kifalme. Silabi moja inafanya kazi ya maneno mawili, haikatizi mwendo wa sentensi, na hufaa sana pale tukio linapokimbia.

Kusoma na kujibu

Kwa mwanafunzi anayejibu swali la fasihi, kutaja tamathali ni nusu ya kazi. Andika nini kimefananishwa na nini, kwa neno gani, na kwa sababu ipi, hata kama mwandishi hakuitaja. Halafu fanya jaribio: libadilishe neno kichwani mwako. Ungeweka "ni" mahali pa "kama", nini kingepotea? Ungeweka "sawa na" mahali pa "mithili ya", maana ingekuwa kali au ingepoa? Sentensi mbili zinazotokana na jaribio hilo zina uzito kuliko aya nzima ya sifa kuhusu lugha tamu ya mwandishi.

Tazama pia mwandishi anampa nani tashbihi. Katika hadithi nyingi wanaofananishwa na wanyama ni watumishi, wanawake na maskini, huku matajiri wakifananishwa na miti, mito na nyota, au wakiachwa bila kufananishwa kabisa. Anayeelezwa kwa "kama" anatazamwa na mwingine. Anayetazama huwa hafananishwi. Swali hilo likiulizwa darasani linafungua mjadala kuhusu nani ana mamlaka ndani ya kitabu.

Kwa mwandishi, kabla hujaupeleka muswada kwa mchapishaji, upitie kwa kalamu nyekundu ukizungushia kila "kama", "mithili", "mfano" na "sawa na". Palipo na mbili ndani ya sentensi moja, futa moja. Palipo na moja uliyoikuta tayari mdomoni, simama na utazame tena kitu unachokieleza. Soma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani kwenu. Akiuliza kwa nini umesema hivyo nawe huna jibu, ifute.

Na kwako mwalimu: acha kuhesabu tashbihi katika insha. Chagua moja tu, iwe nzuri au mbaya, na mwandikie mtoto pembeni kwa nini imekufikia au kwa nini haikukufikia.